Je, idadi ya uzazi na sindano za uzazi wa mpango huamua kiwango cha homoni baada ya hedhi kukoma?

Mama Wawili, Tabata

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Nina umri wa miaka 54, na hedhi yangu ilikoma nilipokuwa na miaka 51. Nimezaa watoto wawili, wa kwanza nikiwa nimeshavuka miaka 30, na baada ya yule wa pili nilitumia sindano ya miezi mitatu kwa muda mrefu kabla ya kuiacha. Dada yangu mkubwa, tuliyezaliwa tumbo moja, amezaa sita na kila mmoja alimnyonyesha mpaka akaanza kukimbia. Siku hizi tukikaa pamoja, na hata katika kikoba chetu, mazungumzo hayakosi kufika hapa: kwamba mwanamke aliyezaa mara nyingi hubaki na homoni za kutosha uzeeni, na kwamba mimi niliyezaa kidogo na kuchoma sindano nimezimaliza mapema, ndiyo maana silali vizuri, napandwa na joto la ghafla usiku, na unene wote umehamia kiunoni. Mwenzetu mmoja anauza unga wa virutubisho ambao anasema unarudisha homoni zilizovurugika, na amenisihi nianze kuutumia mara moja.

Ninachoomba ni maelezo ya watu wanaoijua kazi hii. Je, historia ya uzazi, yaani idadi ya mimba, umri wa kuzaa mara ya kwanza, kunyonyesha na njia za uzazi wa mpango, hubadilisha kiwango cha homoni alichonacho mwanamke miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma? Na namna ninavyoishi sasa ina nafasi gani katika jambo hili? Niseme wazi kwamba kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa, chakula changu cha mchana ni chipsi au wali wa mama lishe, na mwisho wa wiki hunywa bia moja au mbili na mume wangu. Tena, kuna haja yoyote ya kupima homoni?

Mkunga Mstaafu, Temeke

Mdogo wangu, marahaba. Maneno hayo ya kikoba nimeyasikia wodini na kliniki kwa miaka mingi, na yamewabebesha wanawake wengi lawama wasizostahili, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Tuanze na chanzo cha homoni zenyewe. Kabla ya hedhi kukoma, sehemu kubwa ya estrojeni, yaani homoni kuu za kike, hutoka katika ovari, hasa ile iitwayo estradioli. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na vifuko vya mayai kati ya milioni moja na mbili. Anapovunja ungo huwa amebakiwa na takriban laki tatu au nne, na katika miaka yake yote ya hedhi huachia mayai yapatayo mia nne au mia tano tu. Vifuko vingine vyote hunyauka vyenyewe, mwezi baada ya mwezi, mwanamke awe na mimba, awe ananyonyesha, awe anachoma sindano au asitumie njia yoyote. Kwa sababu hiyo hoja kwamba sindano imezimaliza homoni zako haina msingi. Sindano hulaza ovari kwa muda. Wakati unaitumia estrojeni hushuka na mifupa hupungua uimara kidogo, lakini ukishaiacha ovari hurudia kazi yake na mifupa nayo huanza kujijenga upya.

Vifuko vikishaisha, ovari hazitengenezi tena estradioli ya maana, lakini mwili haubaki mtupu. Tezi zilizo juu ya figo, na kwa kiasi fulani ovari zenyewe, huendelea kutoa homoni za jamii ya androjeni, zile ziitwazo za kiume, kama testosteroni. Androjeni hizo zikifika kwenye tishu za mafuta, na pia misuli na ngozi, hukutana na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, nacho huzigeuza kuwa estrojeni, hasa aina iitwayo estroni. Maana yake ni kwamba kwa mwanamke wa umri wako na wangu, kiwanda cha estrojeni kimehama kutoka kwenye ovari kwenda kwenye mafuta ya mwili, na mafuta yakiongezeka, uzalishaji nao huongezeka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 jarida la British Journal of Cancer lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 13 za wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimekoma, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani. Waliangalia damu yao, kisha wakalinganisha na umri, uzito, uvutaji sigara, unywaji wa pombe, upasuaji na historia ya uzazi. Wanawake wanene kupita kiasi walikuwa na homoni zote kwa wingi zaidi kuliko wembamba, na tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye estradioli huru, ile ambayo haijashikwa na protini za damu. Waliovuta sigara 15 au zaidi kwa siku walikuwa na viwango vya juu, hasa vya testosteroni. Waliokunywa gramu 20 au zaidi za pombe kwa siku nao hali kadhalika. Lakini umri wa kuvunja ungo, idadi ya watoto na umri wa kuzaa mara ya kwanza havikuonyesha uhusiano wenye nguvu na homoni hizo. Soma sentensi hiyo mara mbili, mdogo wangu, kisha uwasomee na wenzako wa kikoba: wewe mwenye wawili na dada yako mwenye sita, mkiwa na umri mmoja na mwili wa aina moja, hakuna sababu ya kutarajia kwamba damu zenu zitatofautiana sana.

Nimetaja estradioli huru, na inafaa kuieleza kidogo kwa sababu ndiyo inayofanya kazi. Ini hutengeneza protini inayobeba homoni za jinsia katika damu, na homoni iliyobebwa haiingii kirahisi kwenye chembe za mwili. Insulini ikizidi, kama inavyotokea kwa mtu mwenye kitambi au anayeelekea kwenye kisukari, ini hutengeneza protini hiyo kwa uchache. Hivyo mwanamke aliyenenepa kiunoni hupata mambo mawili kwa pamoja, kwani estrojeni yake huzalishwa kwa wingi zaidi na sehemu kubwa zaidi ya estrojeni hiyo huwa huru.

Wala usidhani kwamba kuwa na estrojeni nyingi uzeeni ni heri. Uchambuzi mwingine wa pamoja, wa mwaka 2002, ulionyesha kwamba wanawake waliokoma hedhi na wenye viwango vya juu kabisa vya estradioli walikuwa na hatari ya saratani ya matiti takriban mara mbili ya wale wenye viwango vya chini kabisa. Kwa upande wa pili, mwanamke mwembamba sana aliyekoma hedhi anapaswa kuiangalia mifupa yake, kwa kuwa estrojeni kidogo huifanya idhoofike haraka. Hata joto la ghafla halifuati hesabu nyepesi ya homoni nyingi au chache. Katika utafiti wa SWAN wa Marekani, ambao umewafuatilia wanawake kwa miaka mingi wakipita katika kipindi hiki, wanawake wenye uzito mkubwa ndio walioripoti zaidi vipindi vya joto wakati hedhi inaelekea kukoma, na moja ya maelezo ni kwamba mafuta huuzuia mwili kupoteza joto.

Sasa maisha yako ya kila siku. Huko Seattle, Marekani, watafiti walifanya jaribio, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Wanawake 439 wenye uzito uliozidi, wenye umri wa miaka 50 hadi 75, waligawanywa katika makundi kwa mwaka mzima: waliopunguza chakula, waliofanya mazoezi ya dakika 45 kwa siku tano za wiki, waliofanya yote mawili, na wale ambao hawakubadilishiwa chochote. Kundi lililofanya yote mawili lilipunguza karibu asilimia 11 ya uzito, na estradioli huru ikashuka kwa asilimia 26. Waliopunguza chakula tu, estradioli huru ilishuka kwa asilimia 21. Waliofanya mazoezi bila kubadili chakula walipungua uzito kidogo sana, na homoni zao zilishuka kwa takriban asilimia 5 tu. Mimi nayapenda mazoezi na nawaona akina mama wanaokimbia asubuhi kando ya barabara ya Kilwa wakiwa na afya njema ya moyo na usingizi, ila mtu akimaliza kukimbia kisha akapitia chipsi mayai na soda, asitarajie damu yake ibadilike kwa upande huu.

Kuhusu bia, chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu karibu 20 za pombe, yaani kile kiwango kilichotajwa kwenye uchambuzi, endapo inanyweka kila siku. Kwako wewe ni mwisho wa wiki, hivyo si sawa na kila siku, lakini usiiongeze. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2001 ambamo wanawake waliokoma hedhi walipewa gramu 15 au 30 za pombe kila siku kwa wiki nane, na salfati ya estroni, namna mojawapo ya estrojeni katika damu, ikapanda kwa asilimia 7.5 na 10.7. Sigara sitaizungumzia sana kwa kuwa hujaitaja. Yatosha kusema kwamba huharakisha ukomo wa hedhi kwa mwaka mmoja au miwili.

Ule unga usiununue. Anayeuza angejua homoni zako zinatoka wapi asingekuahidi kuzirudisha.

Fundi Maabara, Upanga

Shikamoo mama, na shikamoo bibi mkunga kwa maelezo hayo. Nitajibu swali la vipimo peke yake.

Mwanamke mwenye zaidi ya miaka 45 ambaye hajaona hedhi kwa miezi 12 mfululizo, bila sababu nyingine inayojulikana, amekoma hedhi. Hahitaji kipimo cha damu kuthibitisha. Wengi huja kwetu wakiwa na karatasi ya vipimo vitano au sita vya homoni walivyoshauriwa na rafiki, wanalipa fedha nyingi, na majibu hayabadilishi chochote katika matibabu yao.

Kuna tatizo la kitaalamu pia. Baada ya hedhi kukoma, estradioli mara nyingi huwa chini ya takriban pikogramu 20 au 30 kwa mililita. Mashine nyingi zinazotumika hospitalini kwa kazi za kila siku zilitengenezwa kwa ajili ya viwango vya wanawake wanaopata hedhi, ambavyo hufika mamia, na zikishuka huko chini usahihi wake hupungua sana. Tafiti kubwa zinazohitaji kutofautisha 6 na 9 hupendelea njia ya kupima uzito wa molekuli, ambayo ni ghali. Ukipewa jibu la 12 leo na 18 mwezi ujao, usifurahi wala usihuzunike, kwa sababu tofauti hiyo inaweza kuwa ya mashine. Fedha hiyo, mama, pima sukari, mafuta ya damu na presha. Hivyo vina majibu yanayoweza kufanyiwa kazi.

Bibi Asha, Kigamboni

Naomba niongeze swali langu hapa kwa kuwa linafanana. Mimi nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe nikiwa na miaka 43. Sikuelezwa vizuri kilichotolewa na kilichobaki, na karatasi sina. Tangu hapo kila anayeniona ananiambia kwamba sina homoni kabisa. Je, ni kweli?

Mkunga Mstaafu, Temeke

Pole sana, mwenzangu. Kizazi hakitengenezi homoni za jinsia. Jambo la kujua ni iwapo ovari zilitolewa pia. Kama ziliachwa, ziliendelea kufanya kazi hadi wakati wake ulipofika, ingawa wanawake waliotolewa kizazi na kuachiwa ovari huelekea kufikia ukomo mapema kidogo kuliko wenzao, na kwa vile hawaoni damu hawana alama ya kuwaambia kwamba wamefika.

Kama ovari zote mbili zilitolewa, hilo ni jambo jingine. Uchambuzi ule wa tafiti 13 ulikuta kwamba wanawake wa aina hiyo wana androjeni pungufu kuliko waliokoma kwa njia ya asili, hasa testosteroni huru, kwa sababu ovari ya mwanamke mzee bado huitoa. Na kutolewa ovari zote kabla ya miaka 45 huongeza hatari ya mifupa kudhoofika na ya magonjwa ya moyo, ndiyo maana madaktari hushauri wengi wao watumie homoni za tiba angalau mpaka ufike umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, isipokuwa kama kuna kizuizi kama vile saratani ya matiti. Rudi katika hospitali uliyofanyiwa upasuaji uombe muhtasari wa upasuaji, ni haki yako kuupata. Ikishindikana, kipimo cha ultrasaundi kinaweza kusaidia, japokuwa ovari zikishasinyaa huwa vigumu kuziona. Kwa kweli kila mwanamke anayetolewa kizazi alipaswa kuondoka wodini akiwa na maandishi yanayosema wazi kilichotolewa, na inaniuma kwamba mpaka leo wengi hawayapati.

Mama Wawili, Tabata

Nashukuru sana, dada mkunga, nimeyasoma yote na mume wangu nimemsomea. Nina mambo mawili ya nyongeza.

La kwanza, nimewahi kusikia kwamba kuzaa na kunyonyesha hukinga saratani ya matiti. Kama homoni za baadaye hazibadilishwi na uzazi, kinga hiyo inatoka wapi? La pili linamhusu dada yangu. Nilipomsomea haya alicheka, akaniambia kwamba yeye bado ana nguvu za homoni, kwa sababu hedhi yake iliyokoma miaka minane iliyopita imeanza kurudi matone matone tangu mwezi uliopita. Yeye ni mnene kuliko mimi na ana presha. Anaichukulia kuwa habari njema.

Daktari wa Wanawake, Kinondoni

Shikamoo mama. Nitaanza na la dada yako kwa kuwa haliwezi kusubiri: hiyo si hedhi. Damu yoyote inayotoka ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, hata ikiwa ya rangi ya kahawia tu, inapaswa kuchunguzwa, na kwa mwanamke mnene mwenye presha inapaswa kuchunguzwa mapema zaidi. Sababu ameshaieleza bibi mkunga bila kuitaja. Estrojeni inayotoka kwenye mafuta huuchochea ukuta wa ndani wa kizazi ukue, na kwa kuwa ovari hazitoi tena projesteroni ya kuutuliza na kuumwaga, ukuta huo huendelea kunenepa kwa miaka, na baadhi ya wanawake huishia kupata saratani yake. Wapo ambao chanzo huwa ni ukuta wa uke uliokonda, au kinyama kisicho na madhara, na hao ni wengi. Lakini katika nchi yetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake, nayo pia hujitangaza kwa damu ya namna hii. Kuzaa sita hakumkingi na hiyo. Wanawake waliozaa mara nyingi wamo hatarini zaidi kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Kuhusu matiti, swali lako ni zuri na jibu lake linatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha takwimu kutoka tafiti 47 katika nchi 30: kila mtoto aliyezaliwa alipunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza kwa asilimia 4.3 zaidi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mimba iliyotimia na unyonyeshaji huzikomaza chembe za titi lenyewe, zikawa si rahisi kuharibika, na pia hupunguza idadi ya mizunguko ya hedhi ambayo titi hupitia katika maisha. Kwa hiyo historia ya uzazi huacha alama yake katika tishu, na pengine katika wakati wa hedhi kukoma, kwa maana wanawake ambao hawakuzaa kabisa wameonekana kukoma mapema zaidi. Homoni inayopita katika damu yako leo, mama, inategemea zaidi umri wako, mafuta ya mwili, pombe, sigara, na kama ovari unazo. Kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30 huongeza hatari ya matiti kwa kiasi, na hilo huwezi kulibadilisha. Uzito wa kiunoni unaweza kuubadilisha, na baada ya ukomo wa hedhi una nafasi yake kamili katika hatari hiyo hiyo.

Joto lako la usiku, likikunyima usingizi, lina tiba. Uko chini ya miaka 60 na hujamaliza miaka 10 tangu ukomo, hivyo unaweza kuzungumza na daktari kuhusu homoni za tiba au dawa zisizo za homoni, baada ya kupimwa presha na kuchunguzwa matiti. Kwa kuwa kizazi chako kipo, usikubali kupewa estrojeni peke yake bila projesteroni au dawa ya jamii yake.

Nirudi kwa dada yako. Aende wiki hii katika hospitali yoyote yenye kliniki ya magonjwa ya wanawake, awe na kadi ya bima au fedha za ultrasaundi, na daftari la dawa zake za presha. Aseme kwa maneno haya: nimetokwa na damu, na hedhi yangu ilikoma miaka minane iliyopita. Atachunguzwa mlango wa kizazi kwa macho, kisha ukuta wa ndani utapimwa unene kwa ultrasaundi ya njia ya uke. Ukizidi milimita 4, au damu ikiendelea hata kama haujazidi, itachukuliwa sampuli ndogo na kupelekwa maabara ya patholojia. Akionekana na tatizo atapewa rufaa kwenda Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Saratani ya ukuta wa kizazi ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya kizazi, upasuaji huwaponya wagonjwa wengi. Tafadhali, mama, usimwachie aende peke yake, kwa sababu anaamini kwamba ni mzima na anaweza kuishia njiani.

Mama Wawili, Tabata

Nimempigia sasa hivi. Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Kesho asubuhi nampitia kwake Segerea twende pamoja.